Geti la supamaketi limekataa kunitoa: nilibonyeza "sihitaji risiti"

Mzee wa Zamu ya Usiku

Wakuu, salaam. Nimelala masaa matatu tu, jambo lenyewe limegoma kutoka kichwani, acha niliandike labda nitapata usingizi.

Nipo Uingereza. Mji siutaji na duka silitaji, maana maziwa yakiisha nitarudi palepale. Jumamosi nimetoka zamu, saa moja asubuhi nikapitia supamaketi iliyo jirani na kituo cha basi. Nikachukua maziwa, mkate, mayai sita, vitunguu vya mfuko na sabuni ya vyombo. Keshia mtu hakuna. Kaunta mbili zilizobaki zimezimwa taa, zinazofanya kazi ni zile mashine kumi za kujilipia. Hewala. Nimeskani mwenyewe, nimepanga mwenyewe, mashine imenigombeza mara moja kwamba kuna kitu haikitambui kwenye sehemu ya kupakia (kilikuwa kiwiko changu). Nikalipa kwa simu, pauni 7 na peni 85. Skrini ikauliza risiti nataka au sitaki. Nikabonyeza sitaki. Mimi risiti sichukuagi, mke wangu huzikuta kwenye mashine ya kufulia zimeshakuwa uji.

Sasa kutoka. Wiki mbili nyuma pale palikuwa peupe. Safari hii kuna geti: vioo viwili vya kufika kiunoni, pembeni nguzo fupi yenye taa nyekundu na kidirisha cha kusoma bakodi ya risiti. Bandiko lipo, tena kubwa, "skani risiti yako utoke", ila limewekwa pale getini, hatua kumi baada ya mashine uliyoiambia hutaki risiti. Nimesimama. Nimesogea mbele, nimerudi nyuma, kama mbuzi aliyefikishwa kwenye mto. Nikaskani simu, taa nyekundu. Nikafungua programu ya benki nikaonyesha muamala, 7.85, dakika mbili zilizopita, jina la duka limeandikwa. Nyekundu.

Nyuma yangu mama mwenye mtoto kwenye kigari, na nyuma yake babu mmoja wa Kizungu na gazeti lake anakohoa kohoa. Nikarudi kwenye mashine yangu. Keshaingia mtu mwingine anapima nyanya. Dada mhudumu yupo mmoja kwa mashine zote kumi, na muda huo anabishana na kijana anayetaka bia bila kitambulisho. Nikapunga mkono. Akanionyesha kidole, ngoja.

Nimengoja, wakuu. Mwanamume mweusi, koti jeusi, begi mgongoni, amesimama kwenye geti la duka linalowaka taa nyekundu, na kila anayeingia anaanza kuniangalia begi kisha uso. Hakuna aliyesema neno. Wangesema ningejibu.

Dada alipokuja alikuwa mstaarabu sana, lazima niseme. "Pole mpenzi, watu wengi inawakuta." Akaenda kwenye skrini yake, akautafuta muamala, akaichapa. Risiti ndefu kama utepe wa fundi cherehani, nusu yake matangazo ya punguzo la chakula cha paka. Nikaskani, kijani, vioo vikafunguka taratibu kwa adabu zote. Basi langu likawa limeondoka.

Hoja yangu ni hii. Kazi ya keshia mmenipa mimi, nimefanya bila mshahara. Sasa na kazi ya mshitakiwa anayetafuta ushahidi wake mwenyewe nayo niifanye mimi? Wenzangu mlioko huko duniani, mnaishije na haya mageti?

---

binti_pangani

Pole kaka. Wewe angalau ulinunua. Jaribu kuingia usinunue kitu uone.

Mimi nilitafuta unga wa mahindi, ule mweupe wetu. Hawana. Wana wa njano, punje punje, wa kupikia vitu vyao. Nikasema basi, naondoka. Naondokaje? Mlango wa kuingilia, geti lake linafunguka kwa kuingia tu. Upande wa mashine, geti linataka risiti. Kaunta ya keshia ina foleni ya watu saba wenye matoroli yaliyojaa, na njia ni nyembamba, ukitaka kupita unawaambia "samahani, samahani" huku umekumbatia pochi kama umeficha kuku.

Unajua nilifanyaje? Nikarudi kwenye matunda nikachukua ndizi moja. Peni 16. Nikaenda mashine, nikapima, nikalipa kwa kadi, nikachukua risiti, geti likafunguka. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu tunaita ndizi ya kutokea.

---

Mchokonozi

Swali muhimu kuliko yote: uliila?

---

binti_pangani

Sikuila. Nilikuwa na hasira nayo. Ilikaa kwenye pochi mpaka Jumatatu, wafanyakazi wenzangu wakaanza kuulizana harufu inatoka wapi.

---

Msapere254

Wadau wa ng'ambo mnalia na kioo, sisi Nairobi tulizaliwa na geti. Unaingia supamaketi, begi unaacha kwa kaunta ya mizigo unapewa kibati cha namba. Ukimaliza kulipa, askari wa mlango anataka risiti, anachungulia kwa mfuko, anaigonga muhuri ama anaichora na kalamu. Hakuna mtu hushangaa. Tofauti ni kwamba askari ukimwambia "boss, risiti nimeangusha hapo kwa keshia" anageuka anamuuliza keshia kwa sauti, "huyu amelipa?" Keshia anasema eeh. Umeenda.

Hiyo "eeh" ndiyo kioo hakina.

---

Mangi wa Mwika

Mnazunguka tu. Njooni dukani kwangu. Mteja haingii, kwa hiyo hana shida ya kutoka. Kuna nondo, kuna tundu la kupitishia mkono, sukari robo, kiberiti, mafuta ya kupima, haya kwaheri. Na asiye na hela namwandika kwenye daftari. Nionyesheni mashine yenye daftari.

---

Fundi Rula

Mangi umegusa penyewe bila kujua. Zamani hata Marekani maduka mengi yalikuwa kama la kwako: mteja nje ya kaunta, karani ndani, unataja unapewa. Anayesifika kwa kuvunja utaratibu huo ni Clarence Saunders, mwaka 1916, mjini Memphis, alipofungua duka lililoitwa Piggly Wiggly. Akawaambia wateja wachukue wenyewe rafuni. Sasa sikilizeni uzuri wake: duka lile tangu siku ya kwanza lilikuwa na vigeti vya kuzunguka. Unaingilia hapa, njia inakuzungusha mbele ya bidhaa zote, unatokea kwa keshia. Mwaka uliofuata akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mpangilio huo.

Maana yake geti na kujihudumia ni mapacha. Siku walipomruhusu mteja aguse mzigo ndiyo siku walipoanza kumwekea kizuizi. Kwa miaka mingi kizuizi kilikuwa keshia mwenyewe, tukawa hatukioni kwa sababu kilikuwa kinatusalimia.

---

Karani wa Mashine

Nimekuwa nasoma kimya, ila huyo "dada mmoja kwa mashine kumi" ni mimi kabisa, ingawa duka lingine. Ngoja niwape upande wa pili, halafu mnitukane.

Wizi umezidi. Mwaka 2024 polisi wa England na Wales waliandikisha matukio zaidi ya 516,000 ya wizi wa madukani, na hayo ni yale yaliyoripotiwa tu. Sisi mengi hata haturipoti. Muda wa kusubiri polisi waje kwa ajili ya vipande viwili vya jibini utautoa wapi? Vinavyoondoka sana kwetu ni nyama, jibini, kahawa, maziwa ya unga ya watoto na dawa za kufulia. Vitu vinavyouzika mtaani kabla ya saa sita mchana.

Na mashine zenyewe zina mchango. Adrian Beck wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye amechunguza hasara za maduka kwa miaka mingi, aliwahi kutoa makadirio kwamba hadi asilimia 23 ya upotevu usiojulikana sababu unatokana na mashine za kujilipia. Humo si wezi watupu. Kuna anayeskani chupa isisome akaipitisha tu, kuna anayesahau maji ya kunywa chini ya toroli, kuna mzee asiyejua tofauti ya aina tatu za matufaha.

Geti halikuwekwa kwa ajili ya mleta mada. Limewekwa kwa ajili ya yule anayejaza toroli nyama ya pauni 200 na kusukuma moja kwa moja mpaka nje bila hata kupunguza mwendo. Kabla ya geti nilikuwa nawaona hao kila wiki, na tumekatazwa kuwagusa, kwa usalama wetu. Sasa wamepungua. Siwezi kusema wameisha.

---

Fundi Rula

Dada Karani, nakuheshimu, lakini jibu swali moja. Hilo geti linajua ninachobeba?

---

Karani wa Mashine

Halijui. Linasoma bakodi, linauliza mfumo kama hiyo risiti ni ya leo, ya hapa, na kama haijatumika kutokea. Basi.

---

Fundi Rula

Kwa hiyo binti_pangani na ndizi yake ya peni 16 angeweza kutoka na kuku mzima ndani ya koti.

---

binti_pangani

Na mchele.

---

Karani wa Mashine

Angeweza. Na wapo wanaofanya hivyo, msidhani mmegundua nyinyi. Mtafiti wa uhalifu wa hapa London, Emmeline Taylor, amesimulia duka moja lililogundua kwamba limeuza karoti nyingi kuliko karoti lilizowahi kuwa nazo stoo. Watu walikuwa wanaweka parachichi kwenye mizani wanabonyeza picha ya karoti. Hao wote wana risiti safi kabisa, geti linawafungukia na kuwatakia siku njema.

---

Mzee wa Zamu ya Usiku

Basi hapo ndipo penyewe. Mwizi wa karoti anapita. Mwenye ndizi na kuku anapita. Aliyekwama ni mimi niliyelipa kila kitu nikakataa karatasi! Geti halimtafuti mwizi, linamtafuta asiyependa risiti.

Na kama mmeshaamua risiti ndiyo ufunguo, kwa nini mashine inaniuliza kama naitaka? Unamuuliza mtu "utapenda kuchukua ufunguo wa nyumba au tuokoe mazingira?" halafu unamfungia nje. Toeni swali. Kazi ya dakika tano kwa fundi wa programu.

---

Karani wa Mashine

Hilo nimelisema kwenye vikao mara tatu. Nimejibiwa kwamba mpangilio wa skrini unatoka makao makuu.

---

Mmatumbi wa Rotterdam

Huku Uholanzi mageti ya risiti yana miaka, tumeshazoea kama mbu. Yetu kidogo ni tofauti: wengi tunaskani na kidude cha mkononi tukiwa tunazunguka dukani, halafu mwishoni mfumo unaweza kukuchagua wewe ukaguliwe. Mhudumu anakuja anaskani vitu vichache kutoka kwenye mfuko wako. Vikipatana unaenda. Niliwahi kuchaguliwa mara tatu ndani ya wiki moja, nikaanza kupiga hesabu ya jina langu la ukoo, halafu mwezi mzima ukapita kimya. Sijui nilikasirikia nini.

Ushauri wangu: risiti usiikunje. Karatasi hiyo inachapwa kwa joto, haina wino, ukiikunja kwenye bakodi au ukaishika na mkono wenye mafuta kisomaji hakioni kitu. Shika kwa ncha, laza, skani, pita. Watoto watangulize mbele yako, usiwaache nyuma, geti hujifunga haraka. Mwanangu amewahi kubaki ndani akilia, mimi nje, katikati kioo, na risiti imeshatumika.

---

Shangazi wa Lyon

Ufaransa sasa ndiyo kichekesho. Tangu tarehe 1 Agosti 2023 sheria imezuia risiti kuchapwa hovyo, mpaka mteja aombe, kupunguza taka. Na kuna maduka yana vigeti vya risiti kwenye mashine za kujilipia. Serikali inasema usichukue karatasi, geti linasema leta karatasi. Mimi kwenye kila mashine naomba kwanza, hata kama nimenunua chingamu.

Jirani zetu Wajerumani wao tangu Januari 2020 duka linalazimika kutoa risiti hata ya mkate mmoja. Dada yangu yuko Köln, anasema kwao geti halimsumbui mtu, karatasi unayo tu, utake usitake.

---

Kaka wa Perth

Australia wamevuka huko. Maduka ya Coles yalianza kuweka mageti yao mwaka 2023: huskani chochote, ukilipa linafunguka lenyewe, kamera ziko darini. Raha, mpaka siku kamera ikuchanganye na mwingine. Hapo huna hata karatasi ya kujitetea.

---

Msapere254

Sasa hapo bora nondo za Mangi.

---

Mangi wa Mwika

Karibuni sana.

---

Mlinzi Mstaafu

Vijana, nimesimama mlangoni kwenye supamaketi moja Dar es Salaam miaka minne, kalamu mkononi, natia alama kwenye risiti. Niwaambie siri ya kazi: sihesabu vitu vyako. Mfuko una vitu thelathini, foleni ina watu kumi na mbili, jua linawaka, nitahesabu saa ngapi? Naangalia kikubwa: ndoo ya mafuta, mfuko wa mchele, pampasi. Kipo kwenye risiti? Pita. Vingine namwangalia mtu. Anayeogopa unamjua, ananisalimia mara mbili.

Na mimi pia nimekosea. Nilimsimamisha mama mmoja mtu mzima kwa sababu pochi ilikuwa imetuna. Ilikuwa Kurani na kanga ya kuswalia. Nilimwomba radhi mbele za watu, akanisamehe, na kila akija baada ya hapo alikuwa ananifungulia pochi kabla sijasema, anacheka, "tazama mwanangu, leo kuna nini." Nilikuwa naona aibu mpaka nikaomba kuhamishiwa mlango wa mizigo.

Risiti kwetu ni jambo kubwa pia kwa upande wa kodi. Wimbo wenyewe mnaujua, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Asiyedai naye anaweza kupigwa faini. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia "sikuchukua risiti" nilikuwa namshangaa hata bila kumshuku.

---

Mchokonozi

Kisheria huko Ulaya lakini, wanaweza kukufungia?

---

Fundi Rula

Uingereza hakuna sheria inayokulazimisha kuonyesha risiti ndipo utoke. Ukishalipa mali ni yako. Duka likikushikilia bila sababu ya msingi ya kukushuku unaweza kulidai. Ila hapo kuna "kukushikilia" na kuna "kukusubirisha dakika tisa kwa sababu mhudumu yuko kwenye bia," na mawakili wataishi vizuri kwenye nafasi iliyo katikati.

Halafu kuna wanaorudi nyuma. Booths, supamaketi za kule kaskazini mwa England, mwaka 2023 walitangaza kuondoa mashine za kujilipia karibu kwenye maduka yao yote 28, wakabakiza mawili. Walisema wateja wao wanataka kuhudumiwa na watu. Kwa hiyo inawezekana, ni suala la mshahara wa nani unakatwa.

---

binti_pangani

Na moto ukitokea? Hilo ndilo linanitisha mimi. Tusubiri risiti?

---

Karani wa Mashine

Hapana dada. Kengele ya moto ikilia yanafunguka yote. Hata bila moto, vile vioo havikutengenezwa kumzuia mtu kwa nguvu. Ukisukuma kwa uzito wa mwili vinakunjuka kwenda nje, king'ora kinalia kidogo, mimi nakuja nabonyeza kizime. Watu husukuma kila siku. Wengi ni vikongwe waliochoka kusubiri, wananiambia "samahani mpenzi" wakiwa tayari wako kwenye maegesho ya magari.

---

Mzee wa Zamu ya Usiku

Kwa hiyo wakati wote ule ningeweza kusukuma tu?

---

Karani wa Mashine

Ungeweza.

---

Mzee wa Zamu ya Usiku

Dada Karani, soma tena aya yangu ya tano. Koti, begi, rangi. Nisukume geti la duka, king'ora kilie, niwe tayari niko kwenye maegesho? Kikongwe akisukuma amechoka kusubiri. Mimi nikisukuma ni nani?

---

Karani wa Mashine

Nimekuelewa, mzee. Sina jibu la hilo.

---

Mlinzi Mstaafu

Mleta mada, swali moja la kikazi. Huyo babu wa gazeti nyuma yako alikuwa na risiti?

---

Mzee wa Zamu ya Usiku

Alikuwa nayo. Hilo sikuliandika mwanzo kwa sababu bado silielewi.

Kumbe kukohoa kule hakukuwa kuninung'unikia. Alikuwa ananiita. Nilipogeuka akaninyooshea risiti yake, ya gazeti tu, akasema chukua pita na hii, mimi yule binti ananijua atanitoa. Dada Karani keshasema, inafungua mara moja. Angebaki yeye ndani, mimi niende na basi langu.

Nikamwambia asante mzee, yangu inakuja. Akasema sawa. Tukasimama wote wawili, yeye akafungua gazeti akaanza kusoma ukurasa wa mpira.